Baada ya upasuaji wa ngiri au wa tumbo: mwongozo wa siku kwa siku

Siku ya kuruhusiwa, mgonjwa hukabidhiwa bahasha ya dawa na karatasi yenye tarehe ya kurudi kliniki. Dawa zimeelezwa vizuri: hii mara tatu, hii mara mbili, hii baada ya kula. Ambacho mara nyingi hakijaandikwa ni kile atakachokiwaza usiku wa siku ya nne akiwa kitandani kwake: uvimbe huu ni wa kawaida? Majimaji haya yanatoka wapi? Nisubiri kupambazuke au niondoke sasa hivi?

Nimebadilisha bandeji za wagonjwa wa tumbo kwa miaka mingi, na nimewaona wakirudi wodini kwa namna mbili. Wapo wanaokuja siku ya tatu wakitetemeka kwa hofu, kumbe ni damu iliyovilia chini ya ngozi na itaondoka yenyewe. Na wapo wanaokuja siku ya tisa wamechelewa, kwa kuwa mtu aliwaambia wavumilie, ndivyo kidonda kinavyopona. Wote wawili wamekosa kitu kimoja, nacho ni kalenda. Dalili ileile inaweza kuwa haina neno siku ya pili na ikawa ya kukimbizwa hospitali siku ya saba. Kwa hiyo kabla hujasoma zaidi, andika tarehe ya upasuaji mahali unapoiona kila siku, na uihesabu siku hiyo kuwa sifuri.

Ngiri ipi inangoja, ipi haingoji

Ngiri ni sehemu dhaifu ya ukuta wa tumbo inayoruhusu mafuta au utumbo kujipenyeza na kutokeza chini ya ngozi. Inayotokea zaidi ni ya kinena: karibu mwanamume mmoja kati ya wanne huipata maishani mwake, na kwa wanawake ni kama 3 kati ya 100. Nyingine hutokea kitovuni, juu ya kitovu, chini kidogo ya kinena mahali paja linapoanzia, au juu ya kovu la upasuaji wa zamani.

Si kila ngiri ni ya kupasuliwa kesho. Mwanamume mwenye ngiri ndogo ya kinena, isiyouma na inayorudi ndani akilala, anaweza kungoja huku daktari akimfuatilia. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa ngiri za namna hiyo hunasa ghafla kwa watu chini ya 2 kati ya 1,000 kwa mwaka. Lakini wanaume hao walipofuatiliwa kwa miaka 10, karibu theluthi mbili walikuwa wamekwisha kupasuliwa, wengi wao kwa sababu ya maumivu yaliyoongezeka. Kungoja kunakupa nafasi ya kujiandaa, na mara nyingi upasuaji wenyewe unakuja tu.

Ngiri ya mwanzo wa paja, inayowapata zaidi wanawake, haingojwi, kwa kuwa tundu lake ni jembamba na hunyonga utumbo kwa urahisi. Ya kinena kwa mtoto nayo haizibi yenyewe, na mtoto mchanga asicheleweshwe. Ya kitovu kwa mtoto ni habari nyingine: nyingi hujifunga kabla hajafika miaka 4 au 5, na kumfunga sarafu au kitambaa tumboni hakusaidii kitu.

Ngiri iliyokuwa laini ikiwa ngumu ghafla, ikauma, ikakataa kurudi, na hasa mtu akianza kutapika au kukosa kutoa hewa na choo, hapo ni dharura. Usiisukume kwa nguvu. Usile, usinywe, nenda. Utumbo uliokatiwa damu huanza kufa baada ya saa chache, na upasuaji ambao ungekuwa wa kushona ukuta tu hugeuka kuwa wa kukata kipande cha utumbo.

Wiki nne kabla: kazi ambayo ni yako

Kama upasuaji wako ni wa kupangwa, una silaha ambazo daktari hana. Ya kwanza ni sigara. Acha angalau wiki 4 kabla. Moshi hupunguza hewa inayofika kwenye kidonda, huongeza usaha, na huleta kikohozi ambacho kitavuta nyuzi kila kinapokushika. Nimeona mtu akikohoa usiku kucha siku ya kwanza baada ya kufunguliwa tumbo, amejishika kwa mikono miwili na jasho linamtoka. Ni mateso yanayoepukika.

Ya pili ni sukari. Mwenye kisukari aombe kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, si cha asubuhi ile tu, na kikiwa juu akubali tarehe isogezwe. Uzito nao una uzito wake: kadiri mafuta ya tumboni yanavyokuwa mengi, ndivyo uwezekano wa kidonda kuoza na ngiri kurudi unavyoongezeka. Kikohozi kisichoisha, choo kigumu cha kila siku na mkojo wa shida kwa mwanamume mwenye tezi dume vitibiwe kabla, kwa sababu kila unapojikamua unausukuma ukuta uleule unaotaka kushonwa.

Mwambie daktari dawa zote unazotumia, zikiwemo za mitishamba, na hasa zinazofanya damu iwe nyepesi. Usijikatishe mwenyewe, zipo zinazosimamishwa na zipo zinazoendelea.

Usiku wa kuamkia upasuaji, oga kwa sabuni. Usijinyoe kwa wembe nyumbani. Wembe huacha mikwaruzo ambayo jicho halioni lakini vijidudu wanaiona; nywele zikilazimu kuondolewa, hospitali itazikata kwa mashine. Chakula kwa kawaida huachwa saa 6 kabla na maji matupu saa 2 kabla, ila mtu wa nusukaputi akikupa saa nyingine, fuata zake.

Waulize maswali haya bila haya, wana wajibu wa kukujibu: mtatumia wavu, yaani kiraka cha kuimarisha ukuta wa tumbo, au hapana? Mtafungua au mtapitia matundu madogo? Nani nimpigie simu usiku kukiwa na tatizo? Namba hiyo iandike nyuma ya karatasi ya dawa.

Kinachofanyika ndani

Mwaka 1887 Edoardo Bassini wa Italia alianza kueleza namna ya kujenga upya ukuta wa kinena kwa nyuzi, na njia yake ikatawala karibu miaka mia moja. Shida yake ilikuwa mvuto: misuli iliyokokotwa na kuunganishwa kwa nguvu hutaka kuachia. Katika miaka ya 1980 Irving Lichtenstein wa Marekani alieneza matumizi ya wavu wa plastiki laini unaowekwa kama kiraka bila kuvuta chochote, na ngiri kurudi kukapungua sana. Wavu si anasa ya matajiri. Utafiti uliofanywa Uganda kwa wanaume 302 na kuchapishwa mwaka 2016 ulilinganisha wavu wa kiwandani na ule wa bei nafuu uliotengenezwa kwa kitambaa cha chandarua na kutakaswa hospitalini. Mwaka mmoja baadaye matokeo hayakutofautiana kwa maana yoyote.

Upasuaji wa matundu madogo huleta maumivu machache na kurudi kazini mapema, lakini unahitaji vifaa na mpasuaji aliyeuzoea. Kwa maoni yangu mkono uliozoea njia moja ni bora kuliko mashine mpya kwenye mkono mgeni. Muulize mpasuaji ameshafanya mangapi ya namna hiyo. Aliyebobea hachukii swali hilo.

Utasikia pia wakikuuliza jina lako na upande unaopasuliwa mara tatu au nne. Usikereke. Orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, Ifakara ukiwa mmojawapo, na matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Maswali hayo yanaokoa watu.

Saa 24 za kwanza

Jambo la kwanza ni mkojo. Baada ya sindano ya mgongoni au nusukaputi, kibofu kinaweza kulala, hasa kwa mwanamume mwenye umri mkubwa. Ikipita saa 6 hadi 8 hujakojoa na tumbo la chini limejaa, sema. Mrija wa siku moja ni jambo dogo. Kibofu kilichovutika kupita kiasi si dogo.

La pili ni kuamka. Usinyanyuke kwa kujikunja kama unavyoamka siku zote. Geukia ubavu mmoja, kunja magoti, teremsha miguu nje ya kitanda, kisha jisukume kwa kiwiko na kiganja mpaka ukae. Subiri kizunguzungu kiishe ndipo usimame. Ukitaka kukohoa, kumbatia mto juu ya kidonda na uubane. Mgonjwa akionyeshwa hivi mara moja tu, hofu ya kitanda inamtoka.

Maumivu yatibiwe kwa saa, yasingojwe yakolee. Parasetamoli kwa ratiba, pamoja na dawa ya jamii ya ibuprofeni kama figo na tumbo vinaruhusu, huwatosha wengi waliofanyiwa ngiri. Dawa kali za jamii ya kodeini na tramado hukausha choo, kwa hiyo zikitumika ziandamane na maji mengi na dawa ya kulainisha.

Siku ya 2 hadi ya 14 kwa aliyerekebishwa ngiri

Siku ya pili au ya tatu mwanaume hujitazama na kushtuka: uume na mfuko wa korodani vimekuwa vyeusi au zambarau. Ni damu iliyoteremka kutoka juu, kama maji yanavyofuata mteremko. Vaa chupi inayobana na kunyanyua, lala na taulo iliyokunjwa chini ya mfuko, na ndani ya wiki mbili rangi itapita kijani na manjano kisha itaisha. Isiyo ya kawaida ni uvimbe unaokua saa hadi saa, ngozi ikakaza na maumivu yakazidi dawa. Hapo damu bado inavuja. Korodani yenyewe ikiwa ngumu na kuuma sana kati ya siku ya 2 na ya 5, huenda damu yake imepungua. Hutokea kwa wachache, chini ya mmoja kati ya 100 wanaopasuliwa mara ya kwanza, na baadaye korodani inaweza kusinyaa. Ionekane na daktari siku hiyohiyo.

Kati ya siku ya 3 na ya 7 wengine huona uvimbe umerudi palepale ilipokuwa ngiri, nao hulia kwamba upasuaji umeshindwa. Mara nyingi ni majimaji yaliyokaa kwenye nafasi ngiri ilikotoka. Jipime hivi: kohoa. Majimaji hayasukumi mkono wako, wala hayarudi ndani ukilala. Hunyonywa na mwili taratibu, kwa kawaida ndani ya wiki 6 hadi 8. Usikubali mtu yeyote ayachome sindano mtaani, maana sindano chafu inayoingia palipo na wavu huleta usaha ambao unaweza kulazimisha wavu utolewe.

Kidonda kiachwe na bandeji yake saa 48, kisha unaweza kuoga maji ya kumiminika na kukikausha kwa kukigusagusa, bila kusugua. Kuloa ndani ya beseni au kuogelea kungoje kifunge kabisa. Usipake chochote ambacho hukuelekezwa. Wekundu mwembamba kandokando ya nyuzi ni wa kawaida. Ukitilia shaka, chukua kalamu na uchore mstari kwenye mpaka wa wekundu. Wekundu ukivuka mstari kesho yake, kidonda kikawa cha moto, kikatoa usaha au harufu, au homa ikapanda juu ya 38, rudi.

Kwa aliyefunguliwa tumbo

Hapa mambo ni mazito zaidi, iwe ni kidole tumbo kilichopasuka, utumbo ulioziba, au uvimbe uliotolewa.

Utumbo ulioshikwashikwa husimama kwa muda. Siku 2 hadi 4 za tumbo kujaa na kukosa kutoa hewa ni za kutarajiwa, na ishara njema ya kwanza ni ushuzi. Wodini tunausubiri kama habari njema na hakuna anayeona aibu. Kutembea mapema kunasaidia. Lakini aliyekwisha kutoa hewa na kula, kisha siku ya 5 tumbo likafura upya na akatapika, huyo si wa kusubiri.

Kama kipande cha utumbo kilikatwa na ncha zikaunganishwa, siku za kuogopa ni za kati ya 3 na 10, hasa ya 5 hadi ya 7. Hapo ndipo kiungo kinapoweza kuvuja. Dalili ya mwanzo huwa ya chinichini: mapigo ya moyo yanakwenda mbio bila sababu, mgonjwa aliyekuwa anapata nafuu anasema tu "sijisikii vizuri", tumbo linauma upya, homa inaanza. Ndugu wa mgonjwa, sikilizeni neno hilo. Mgonjwa anayerudi nyuma siku ya 6 apimwe siku ya 6.

Jambo jingine nataka kila familia ilijue. Kati ya siku ya 5 na ya 10, bandeji iliyokuwa kavu ikilowa ghafla kwa majimaji mengi ya waridi, kama maji yaliyooshea nyama, tabaka la ndani la kushonwa limeachia, hata kama ngozi juu yake bado imefunga. Mara nyingi hufuata baada ya kikohozi, na wapo wanaosema walisikia kitu kikiachia. Mlaze chali, magoti yakunjwe kidogo. Utumbo ukitokeza usiurudishe. Ufunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, au maji safi yaliyochemshwa na kupoa, asile wala kunywa, na aende hospitali amelala.

Kifua na miguu navyo vina hatari zao. Pumua ndani kwa kina mara 10 kila saa ukiwa macho, ili sehemu za chini za mapafu zisijifunge na kuleta nimonia. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye kigimbi, usiukande hata kidogo. Donge la damu likikatika husafiri hadi mapafuni. Kukosa pumzi ghafla au kuchomwa kifuani ni safari ya haraka. Waliotolewa saratani tumboni mara nyingi huendelea na sindano za kuzuia damu kuganda hadi siku ya 28, na wengi huziacha wakijiona wazima. Zimalizeni.

Kuhusu usaha, ukweli usemwe: hali ya hospitali ina sehemu yake. Utafiti wa nchi 66 uliohusu wagonjwa zaidi ya 12,000 wa upasuaji wa mfumo wa chakula, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta vidonda vilivyoambukizwa ni asilimia 9 kwenye nchi zenye maendeleo makubwa na 23 kwenye nchi zenye maendeleo ya chini. Mgonjwa asilaumiwe kila kidonda kikioza. Na dawa nyingine ni nyepesi kushangaza: utafiti wa mwaka 2022 katika nchi saba za kipato cha chini na cha kati ulionyesha kwamba timu ikibadilisha glovu na vifaa kabla ya kufunga tumbo, maambukizi hushuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16.

Kazi, mizigo na kitanda

Kwa ngiri ya kinena isiyo na matatizo, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018 unaruhusu kurudi kwenye shughuli mara tu maumivu yanaporuhusu, na wengi huweza shughuli nyepesi ndani ya siku 3 hadi 5. Ule ushauri wa kulala miezi miwili umepitwa. Tendo la ndoa nalo ni hivyohivyo, maumivu ndiyo mwamuzi. Kuendesha gari kungoje mpaka uweze kukanyaga breki kwa nguvu bila kusita. Kwa tumbo lililofunguliwa katikati, mizigo mizito na kazi za kuinama sana zingoje wiki 4 hadi 6, lakini kutembea usiache hata siku moja.

Miezi na miaka

Ganzi chini ya kidonda cha kinena hubaki kwa wengi na hupungua polepole. Maumivu yanayovuka miezi 3 ni jambo tofauti na yana jina lake, maumivu sugu. Huwapata kama 10 kati ya 100 kwa kiwango fulani, na wachache kati yao huumia kiasi cha kushindwa kazi. Yakiwa ya kuchoma au kupiga kama umeme hadi pajani, neva imehusika. Usikubali kuambiwa ni mawazo yako. Zipo dawa za neva, zipo sindano za kuizima neva kwa ganzi, na kwa wachache upo upasuaji wa kuitoa.

Waliofunguliwa tumbo katikati, 10 hadi 20 kati ya 100 hupata ngiri juu ya kovu, nyingi ndani ya miaka michache. Ushonaji wenyewe unaamua mengi. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa mishono midogo, ya milimita 5 kutoka ukingoni na milimita 5 kati ya mshono na mshono, ilishusha ngiri hizo kutoka asilimia 21 hadi 13 baada ya mwaka mmoja. Kwa hiyo swali la "mtafunga tumbo langu vipi?" ni la kuulizwa kabla ya nusukaputi. Baada ya hapo, lala chali mara mojamoja, inua kichwa bila kutumia mikono, na upitishe vidole juu ya kovu. Panapochomoza, paonyeshe pangali padogo.

Na ndani, karibu kila tumbo lililofunguliwa hujenga nyuzinyuzi za kovu zinazogandisha utumbo na utumbo. Kwa wengi hazisemi kitu maisha yote. Kwa wachache zinakunja utumbo baada ya miezi, au baada ya miaka 20. Tumbo la kukata kwa mawimbi, kutapika kijani, kufura, kukosa kutoa hewa na choo: ukifika hospitali, hata kama wanauliza ulikula nini, inua shati na uwaonyeshe kovu kwanza.